Daktari mtarajiwa naye ana moyo wa kutulizwa

SIFA zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, kijana anapotoka Mbamba Bay au Liuli, kando ya Ziwa Nyasa, au katika milima ya Mbinga, akaenda kusomea udaktari, huondoka na matumaini ya wengi. Mzazi ameuza kahawa au samaki ili apate ada. Jamaa wamekwisha kumwita daktari hata kabla hajafika chuoni. Mbele yake ipo miaka mitano ya masomo, kisha mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo hospitalini. Huko atakesha na vitabu, atasimama mbele ya mgonjwa anayekata roho, na huenda akafeli mtihani kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akipigiwa simu kutoka nyumbani hujibu kuwa hajambo, ilhali usingizi umemkimbia na chakula hakipiti.

Wapo wasemao kwamba dhiki hiyo ni upungufu wa imani. Sisi hatukubaliani nao. Nabii Yaaqub (A.S.) alihuzunika hata macho yake yakapofuka, kama isimuliavyo Surat Yusuf, na hakuacha kumtegemea Mola wake.

Wataalamu nao wametafuta njia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha katika Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo ya wiki 8 ya kuituliza akili. Mtu huketi kimya akaizingatia pumzi yake iingiavyo na itokavyo. Fikra ikikimbilia mambo ya kesho, huirudisha taratibu bila kujilaumu. Mwaka 1998 ulichapishwa utafiti juu ya wanafunzi wa udaktari na wale waliokuwa wakijiandaa kuusomea. Waliopata mafunzo hayo wasiwasi na huzuni zao zilipungua, hata walipopimwa wakati wa mitihani.

Asili ya njia hiyo ni mafundisho ya Kibudha, ingawa hospitalini hufundishwa bila ibada. Kuizingatia pumzi ni zoezi tu. Ibada ya dini nyingine ndiyo tusiyoiingia. Isitoshe, Waislamu si wageni katika elimu hii. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima juu ya afya ya mwili na ya nafsi, akaeleza kuwa nafsi nayo huugua na hutibiwa. Nasi tunayo khushuu, yaani kuuhudhurisha moyo katika sala.

Wamatengo wa Mbinga tangu kale hulima ngoro. Huchimba mashimo kwenye mteremko na kuyazungushia matuta, ili maji ya mvua yatuame na kuzama, yasiuchukue udongo bondeni. Sala tano ni mashimo hayo katika siku ya mwanafunzi. Lakini tuseme kweli: wengi wetu tunasali mbio mbio, na shimo lililofukiwa halizuii maji.

Basi mwanafunzi na afike kwenye mswala mapema kidogo, atulie kabla ya kuhirimia. Katika rukuu na sijida angoje hadi viungo vitulie. Moyo ukitoroka, aurudishe. Akitoa salamu, asiikimbilie simu. Akae kidogo na dhikri, kwani Surat Ar-Ra'd, aya ya 28, yatufundisha kuwa humo ndimo nyoyo hutulia.

Hata hivyo, mwenye kukosa usingizi siku nyingi, au mwenye kutamani kufa, asiambiwe asali tu. Apelekwe kwa daktari upesi, kwani Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kutafuta tiba. Nanyi wazazi, mkimpigia kijana wenu, swali la kwanza lisiwe la matokeo. Muulizeni kama amelala na kama amekula, kisha msubirini ajibu.

Mgonjwa wa ufukweni Nyasa anamhitaji daktari mwenye elimu, na pia mwenye moyo uliotulia wa kumsikiliza. Tunamuomba Allah (S.W.) awatulize vijana wetu na awarejeshe kwetu salama. Amin.