Uji Mzito, Kibuyu Chirizi na Mpira wa Matambara

Leo tunazungumza na akina mama, akina baba, nyanya na yeyote yule anayelea mtoto wa chini ya miaka mitano. Tutataja vitu vitatu ambavyo unaweza kuvitengeneza nyumbani bila gharama kubwa, na jinsi vinavyomsaidia mtoto kukua vizuri. Kama una kalamu na karatasi, viweke karibu. Kama huna, sikiliza tu, kwani si mambo magumu.

Hebu tumfikirie mama mmoja. Pengine ni jirani yako, pengine ni wewe. Yuko kwenye foleni ya kliniki na mtoto wa miezi kumi. Mtoto anawekwa kwenye mizani na uzito ni ule ule wa mwezi uliopita, na wa mwezi uliotangulia. Mama anainamisha kichwa na kusema, "Sina pesa ya kununua unga wa watoto wa pakiti. Ndiyo maana mtoto wangu hanenepi."

Muuguzi hamkaripii. Anamwuliza maswali matatu. La kwanza: ukiuchota uji wako kwa kijiko, unabaki kijikoni au unamwagika kama chai? La pili: kabla ya kumlisha mtoto, unanawa mikono wapi? La tatu: mtoto akila, nani huongea naye? Mama anashangaa, kwa sababu hakuna hata swali moja kuhusu pesa.

Leo tutayajibu maswali hayo matatu.

UJI UNAOBAKI KIJIKONI

Mtoto anapozaliwa, maziwa ya mama peke yake yanamtosha kwa miezi 6 ya kwanza. Haitaji maji, wala uji, wala chai. Akifika miezi 6 aanze vyakula vingine, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi.

Shida ni kwamba wengi wetu tunaanza na uji mwepesi sana. Tunafikiri tumbo la mtoto ni laini, kwa hivyo uji uwe kama maji. Lakini tumbo hilo pia ni dogo. Likijazwa uji mwepesi, mtoto hushiba maji, akalala, na mwili haukupata cha kujengea. Ndiyo maana mtoto anaweza kulishwa mara tatu kwa siku na bado asiongeze uzito.

Sasa sikiliza namna ya kupika. Chemsha vikombe 2 vya maji. Pembeni, koroga vijiko 6 vikubwa vya unga wa wimbi, mtama au mahindi kwa maji baridi kidogo, ili usiwe na madonge. Mimina kwenye maji yanayochemka, ukikoroga. Punguza moto, uache utokote kwa dakika 15 hivi ukiendelea kukoroga. Chota kwa kijiko, ukiinamishe kidogo. Ukibaki kijikoni, uko sawa. Ukimwagika haraka, koroga unga mwingine kwa maji baridi, uongeze, uuache uive.

Bakuli la mtoto likiwa tayari, ongeza kitu kimoja cha kujenga mwili. Waweza kuongeza kijiko kimoja cha njugu zilizokaangwa na kusagwa zikawa laini kabisa, au omena waliokaushwa vizuri, wakakaangwa na kusagwa, au maziwa. Chakula kipya anzia kidogo, uangalie kama kinamkubali. Ukiona uvimbe usoni au vipele, au mtoto akipumua kwa shida, mkimbize hospitali. Usimpe mtoto njugu nzima; zinaweza kumkwama kooni. Na asali usimpe kabla hajafika mwaka mmoja.

Wengi huuliza kuhusu unga uliochanganywa nafaka nane au kumi. Mpenzi msikilizaji, wingi wa nafaka si wingi wa afya. Nafaka moja pamoja na njugu au omena inatosha. Tena tukumbuke kwamba maharagwe na soya vikisagwa vibichi na kuchanganywa kwenye unga, huenda visiive vizuri kwa muda mfupi wa kupika uji. Maharagwe ni bora uyaloweke, uyachemshe mpaka yaive kabisa, kisha umpondee mtoto.

Kuna jambo moja ambalo hatuwezi kulifanyia uchumi: ukungu. Mwaka wa 2004, hapa Kenya, watu 125 walikufa baada ya kula mahindi yenye sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini. Wengi walitoka Makueni na Kitui. Sumu hiyo haiishi kwa kupika. Kwa hivyo mahindi au njugu zikiwa na ukungu, zimebadilika rangi au zinanuka uvundo, usizipeleke kwa kisiagi ukisema ni za uji wa mtoto tu. Mtoto ndiye wa mwisho anayestahili kula chakula hicho.

Mtoto pia asiishi kwa uji peke yake. Mpondee viazi vitamu vya rangi ya machungwa, malenge, ndizi, parachichi, papai, na mboga kama mchicha, kunde au managu. Wa miezi 6 hadi 8 ale mara 2 au 3 kwa siku, akianza na vijiko 2 au 3 na kupanda hadi nusu kikombe. Wa miezi 9 na kuendelea ale mara 3 au 4, pamoja na kitu kidogo katikati kama tunda. Chai usimpe pamoja na chakula, kwani huzuia mwili kupata madini ya kuongeza damu.

KIBUYU CHIRIZI

Tuje swali la pili. Unaweza kupika uji mzuri kuliko wa jirani zote, lakini ukimlisha mtoto kwa mikono michafu, ataharisha, na yote uliyomlisha yatapotea. Mtoto anayeharisha mara kwa mara hawezi kunenepa.

Kibuyu chirizi kinakusaidia kunawa kwa maji machache yanayotiririka, bila kushika kitu kwa mikono. Tafuta mtungi wa plastiki wa lita 5, kama ule wa mafuta ya kupikia. Usitumie mtungi uliowahi kuwa na dawa ya mifugo, dawa ya kunyunyizia mimea au mafuta ya taa, hata ukiuosha mara kumi.

Kwanza, shika msumari kwa koleo, upashe moto, kisha toboa tundu dogo upande wa mbele, karibu katikati ya urefu wa mtungi. Watoto wakae mbali unapofanya kazi hii. Pili, simamisha miti miwili yenye panda, uweke mti mwingine juu yake, na upitishe mti huo kwenye mkono wa mtungi ili mtungi uning'inie. Tatu, funga kamba shingoni mwa mtungi, na upande wa chini uifunge kwenye kijiti kilicholala ardhini. Jaza maji mpaka karibu na tundu. Ukikanyaga kijiti, mtungi unainama na maji yanatoka. Ukiondoa mguu, maji yanakatika. Chini weka kokoto ili pasiwe na matope. Kipande cha sabuni kitie ndani ya soksi kuukuu, ukining'inize kando.

Tengeneza kimoja karibu na choo na kingine karibu na jikoni. Nawa baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika, kabla ya kula na kabla ya kumlisha mtoto. Mikono ya mtoto pia inawe, maana ndiyo inayoingia kinywani zaidi. Na badala ya chupa ya chuchu ambayo ni vigumu kuisafisha, tumia kikombe na kijiko.

MPIRA WA MATAMBARA

Swali la tatu lilikuwa: nani huongea na mtoto akila? Mtoto hujifunza kula kama anavyojifunza kutembea, kwa kutiwa moyo. Keti naye, mtazame, mtajie majina ya vitu, umsubiri ameze. Usimlazimishe kwa kumshika pua. Chukua kipande cha leso kuukuu, umfungie kifuani, ili akijipaka uji usije ukamkasirikia kwa sababu ya nguo.

Baada ya kula, acheze. Mchezo hujenga akili na viungo. Hapa tena huhitaji duka. Zamani tulitengeneza mpira kwa makaratasi ya nailoni, lakini mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini mwezi wa Agosti 2017. Basi chukua soksi iliyotoboka, jaza matambara safi, uishone mdomo, kisha uizungushie kamba ya katani au maganda makavu ya mgomba. Huo ni mpira, na hauvunji dirisha. Gunzi la mahindi lililovishwa kitambaa ni mtoto wa kubebwa mgongoni.

Kwa mtoto mchanga, tia punje chache za mahindi kwenye chupa ndogo safi ya plastiki, upake gamu kwenye mfuniko, uufunge kwa nguvu. Akiitikisa, atafurahia mlio wake. Ikague kila siku, na ikipasuka, itupe. Gari la pakiti ya maziwa lenye magurudumu ya vifuniko ni la mtoto aliyepita miaka 3, kwa sababu mdogo anaweza kung'oa kifuniko na kukimeza. Na tafadhali, mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto hajui kusoma. Yeye huona soda.

Sasa turudi kwa mama yetu wa kliniki. Kosa lake halikuwa umaskini, na wala hakuwa mama mbaya. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu kijiko. Lakini pia tusidanganyane. Kuna mtoto ambaye hata akilishwa vizuri haongezi uzito, kwa sababu ana ugonjwa unaohitaji tiba. Kwa hivyo usiache kwenda kliniki kila mwezi na kijitabu chako cha mama na mtoto. Mtoto akivimba miguu, akikataa kunyonya au kula, akiharisha damu, au utepe wa kupima mkono ukionyesha rangi nyekundu, yaani chini ya sentimita 11.5, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Ukionyesha rangi ya manjano pia usikae nyumbani; mwone mhudumu wa afya.

Kwa leo, mpenzi msikilizaji, nakuachia kazi moja tu. Jioni hii, ukimaliza kupika uji wa mtoto, uchote kwa kijiko, ukiinamishe, uangalie. Kama baba yuko nyumbani, mwite naye aone, maana mtungi na msumari ni kazi yake kesho asubuhi.