Mkojo Haupandi Mlima

Mkulima wa Machakos anajua kusimamisha maji. Matuta ya fanya juu yaliyochimbwa kwenye miteremko ya huku tangu enzi za ukoloni yana kazi moja: maji ya mvua yanayokimbilia bondeni yakutane na ukingo wa udongo, yatulie, shamba liyanywe. Kazi ya muuguzi wodini ni kinyume chake, na asipoangalia, mpira wa mkojo hujijengea tuta wenyewe.

Katheta yenye kiputo kinachojazwa maji ndani ya kibofu ili isichomoke ilitokana na kazi ya Frederic Foley, daktari wa Minnesota, Marekani, katika miaka ya 1930. Haina pampu. Kinachoteremsha mkojo ni mteremko tu, na mteremko huo hupangwa na mkono wa muuguzi.

Tazama mpira uliotoka pajani, ukaning'inia hadi karibu na sakafu, kisha ukapanda tena kuufikia mfuko uliofungwa kwenye chuma cha kitanda. Pale chini mkojo hutuama. Ukiwa umepanda sentimita 15 zaidi upande wa mfuko kuliko upande wa mgonjwa, kibofu hudaiwa shinikizo la ziada la sentimita 15 za maji, na kibofu kilichopumzika hakina nguvu hizo. Basi kinajaa. Mgonjwa analalamika tumbo linambana, mfuko haupati hata tone, na jamaa wanaanza kunong'ona kwamba figo zimegoma.

Mtu mzima hutarajiwa kutoa angalau nusu mililita ya mkojo kwa kila kilo ya uzito wake kila saa. Mwenye kilo 60, mililita 30. Kiasi kikishuka chini ya hapo daktari aitwe, lakini macho yatangulie kuufuata mpira kutoka pajani hadi mfukoni. Mara nyingi mgonjwa ameulalia, au kuna klipu iliyofungwa na zamu iliyopita ikasahaulika. Nathubutu kusema kuna dripu nyingi zilizoongezwa ambapo kilichotakiwa ni kumgeuza mtu ubavu.

Dawa yake ni rahisi. Mpira ufungwe pajani kwa plasta, uachwe na ulegevu wa kutosha mguu kujongea. Urefu unaobaki ulazwe bapa juu ya shuka, usiachwe uning'inie, kisha ushuke wima hadi mfukoni. Mfuko ukae chini ya kibofu bila kugusa sakafu.

Kwa nini chini daima? Zamani mkojo ulipotiririkia chupa iliyo wazi, kufikia siku ya nne karibu kila mgonjwa alikuwa na bakteria kibofuni. Mifuko iliyofungwa ilipunguza hatari hiyo, ila haikuimaliza: kwa kila siku katheta inapobaki ndani, uwezekano wa kupata bakteria ni kama asilimia 3 hadi 7. Ndiyo maana kila asubuhi huulizwa kama bado inahitajika. Mfuko ukiinuliwa, mkojo uliolala humo unaweza kurudi ulikotoka. Hatari kubwa iko kwenye machela: mgonjwa anapelekwa eksirei, na mwenye haraka anamwekea mfuko tumboni. Umwagwe kwanza, kisha uning'inizwe ubavuni mwa machela.

Nyumbani mambo ni magumu zaidi, na vitabu vingi vya uuguzi huishia mlangoni pa wodi. Mzee mwenye tezi dume iliyovimba, anayesubiri upasuaji, hurudi Masii au Wamunyu na katheta yake. Ndani ya matatu aibu humfanya aufiche mfuko kwenye kiondo, na kiondo akakipakata. Kiondo hakina kosa. Kishuke tu katikati ya miguu. Sista asimwambie tu, amwombe: “Mzee, hebu kaa hapa unionyeshe utakavyosafiri.” Kwa bodaboda, mfuko mdogo wa kufungwa mguuni ni bora kuliko mpira unaopepea karibu na gurudumu.

Halafu amuulize mkewe au mkaza mwana wake kitanda cha nyumbani kina kimo gani. Kwenye godoro lililotandikwa chini mfuko hauna pa kushukia. Kama kitanda kipo lakini ni kifupi, kiinuliwe kwa matofali kabla mzee hajafika.