Pikipiki Isiyowaka: Hatua za Kubaini Hitilafu ya Umeme Kabla ya Kununua Vipuri

Kwa dereva wa bodaboda anayeendesha pikipiki ya mkataba, asubuhi ambayo chombo kimegoma kuwaka ni hasara mara mbili: abiria wanapotea, na hesabu ya mmiliki inaendelea kudaiwa. Hasara hiyo huongezeka pale koili au CDI inaponunuliwa kwa kubahatisha, ilhali chanzo ni waya uliolegea. Uchunguzi unapaswa kuanza na mambo yasiyo na gharama.

Hatua ya kwanza ni kufungua swichi ya ufunguo. Iwapo taa haziwaki na honi hailii, vikaguliwe betri, fyuzi na swichi yenyewe. Iwapo taa zinafifia stata inapobonyezwa, betri ni dhaifu, au vichwa vyake vimelegea ama kushika kutu. Betri ya volti 12 iliyojaa, ikipimwa injini ikiwa imezimwa, huonesha takribani volti 12.6 au zaidi. Ikiwa chini ya 12, inahitaji kuchajiwa. Injini inapozunguka kwa kasi ya wastani, kipimo hupanda hadi kati ya volti 13.5 na 14.5. Kisipopanda, mfumo wa kuchaji una kasoro, na hata betri mpya itaisha nguvu.

Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine yenye ampea zilezile. Ikiungua tena, huenda kuna waya uliochubuka na kugusa fremu, hasa chini ya tangi au kwenye shingo ya usukani. Kuweka kipande cha waya badala ya fyuzi ni hatari, kwa kuwa huondoa kinga na kunaweza kusababisha moto karibu na mafuta.

Iwapo taa zinang'aa lakini stata iko kimya, ihakikishwe kuwa swichi ya kuzimia injini iliyopo kwenye usukani haijafungwa, gia iko huru na klachi imebanwa. Baadhi ya pikipiki pia haziwaki stendi ya pembeni ikiwa chini. Injini ikiwaka kwa kiki pekee, hitilafu iko upande wa betri au stata.

Stata ikizungusha injini bila kuwaka, plagi ifunguliwe, irudishwe kwenye kofia yake, chuma chake kigusishwe kwenye injini mbali na mafuta na tundu la plagi, kisha ipigwe kiki. Plagi isishikwe kwa mkono mtupu. Cheche ya buluu yenye nguvu huashiria kuwa tatizo huenda liko kwenye mafuta. Isipoonekana, ijaribiwe plagi nyingine, kisha kofia na waya wake. Koili na CDI vifuate mwisho.

Hatua hizo zisipoleta jibu, kazi ikabidhiwe fundi mwenye mafunzo. Mmiliki ana haki ya kuoneshwa kipimo kinachothibitisha ubovu kabla ya kulipia kipuri kipya.