Indonesia: Mahari ya Chama na Kura ya Raia



Kila tunapojadiliana kwa nini Mkuu wa Mkoa ateuliwe na Rais badala ya kuchaguliwa na wananchi, mifano inayoletwa ni ileile: Marekani, Uingereza, na tangu 2013 magavana 47 wa Kenya. Kuna nchi moja tunaisahau, nayo iko upande wa pili wa bahari yetu hii hii. Indonesia. Bunge lao linaitwa Dewan Perwakilan Rakyat, na Mswahili akitega sikio vizuri atasikia humo diwani, wakili na raia. Nchi hiyo ilitoka kwenye utawala wa mabavu, na tangu 2005 inachagua magavana, mameya na wakuu wa wilaya kwa kura ya moja kwa moja. Mas-ala yenyewe bado hayajatulia, na ndiyo maana nikaona niyaeleze kidogo.

Suharto alikaa madarakani miaka 32 mpaka alipong'oka tarehe 21 Mei 1998, uchumi ukiwa umeporomoka na wanafunzi wamelikalia jengo la Bunge. Msidhani kwamba wakati wake hapakuwa na uchaguzi. Ulikuwepo, na chombo chake, Golkar, kilishinda mara sita kwa sita, kuanzia 1971 hadi 1997. Ama wakuu wa mikoa, baraza la mkoa lilipeleka majina machache Jakarta, na Jakarta ikamchukua inayemtaka, ambaye mara nyingi sana alikuwa mwanajeshi. Hoja iliyotumika ni kwamba kupiga kura kunawagawa watu, na kwamba mila ya nchi ni musyawarah na mufakat. Yaani mashauriano na mwafaka! Wenzangu wa Zanzibar hapo hawahitaji maelezo zaidi.

Baada ya Suharto, ilipitishwa Sheria Na. 22 ya 1999, ikaanza kutekelezwa Januari 2001. Madaraka na fedha nyingi zilishushwa moja kwa moja mpaka wilayani na mijini, na mkoa ukarukwa, kwa sababu wakubwa wa Jakarta waliogopa mikoa ikipewa nguvu itataka kujitenga. Mkuu wa wilaya akawa anachaguliwa na baraza la wilaya, bila ya Jakarta kuwa na neno la mwisho kama zamani. Kwenye karatasi ilipendeza. Lakini baraza la wilaya lilikuwa na wajumbe wasiozidi 45. Piga hesabu: mwenye fedha alihitaji watu 23 tu. Khabari za wajumbe kufungiwa hotelini siku chache kabla ya kura, wasije wakanunuliwa na mwengine, zikawa za kawaida. Aliyewahi kufuatilia uchaguzi wa meya kule kwetu, ambako wapigakura ni madiwani, picha anaipata.

Kwa hiyo kura ya moja kwa moja haikuletwa na wapenda demokrasia peke yao. Ililetwa pia na uchovu wa biashara ile ya hotelini. Sheria Na. 32 ya 2004 ikaamua mkuu na makamu wake wagombee pamoja na wachaguliwe na raia wenyewe, na Juni 2005 kura za mwanzo zikapigwa. Wengi waliokuwa wamekalia viti waliangushwa. Aceh, iliyokuwa vitani mpaka ulipofikiwa mkataba wa Helsinki wa Agosti 2005, ilimchagua Irwandi Yusuf kuwa gavana Desemba 2006. Huyu alitoka upande wa waasi na aligombea bila ya chama. Yaani mtu wa msituni akaingia ofisini kwa karatasi ya kura, jambo ambalo mfumo wa kuteua usingelifanya hata siku moja.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa mji wa Solo. Mwaka 2005 mfanyabiashara wa samani, Joko Widodo, alichaguliwa meya kwa kura zisizofika asilimia 40. Alipotaka kuwahamisha machinga wa Banjarsari hakupeleka mgambo. Aliwaalika kula, mara moja, mara mbili, ikafika zaidi ya mara 50, mpaka wakakubali kuhamia soko jipya. Mwaka 2010 akarudishwa kwa zaidi ya asilimia 90. Mwaka 2012 akawa gavana wa Jakarta, 2014 Rais wa nchi. Hakuwa jenerali, wala hakutoka katika ukoo wa wakubwa.

Jee, fedha ziliondoka? Hazikuondoka, ila zilibadilisha njia. Kuna kile wanachokiita serangan fajar, shambulio la alfajiri: bahasha zinazogawiwa mlango kwa mlango kabla ya vituo kufunguliwa. Mimi hili halinitii khofu kubwa. Kura ni ya siri, na mtu anaweza kula hapa akapiga kura kule, na wapo wengi wanaofanya hivyo. Linalonitia khofu ni lile wanaloliita mahar, na maana yake ni mahari khasa. Sheria ilimtaka mgombea awe amepitishwa na chama au muungano wa vyama wenye asilimia 15 ya viti au kura, baadaye ikapandishwa mpaka asilimia 20 ya viti au 25 ya kura. Njia ya mgombea binafsi ipo, lakini ina masharti mazito ya kukusanya uungaji mkono. Basi vyama vikakaa mlangoni kama walii wa bibi harusi, vikitaja bei. Aliyelipa lazima arudishe mtaji wake, na hurudi kwa vibali vya migodi, kwa zabuni na kwa kuuza vyeo. Tume ya kupambana na rushwa imewafikisha mahakamani wakuu wa wilaya wengi sana.

Hapo ndipo hoja ya gharama inapopotosha. Septemba 2014 Bunge lilipitisha sheria ya kuurudisha uchaguzi kwa mabaraza, wakisema kura ya raia ni ghali mno. Watu walikasirika, na siku chache baadaye Rais Susilo Bambang Yudhoyono akaifuta kwa amri ya dharura. Desemba 2024 Rais Prabowo Subianto akaifufua hoja ileile. Ghali kweli, lakini iliyo ghali ni mahari, na mahari haimlipi raia. Ukiurudisha uchaguzi barazani unawarudishia duka lote walewale waliokuwa wakitoza mlangoni, na mnunuzi anarudi kwenye hesabu yake ya nusu ya wajumbe na mmoja.

Mlango wenyewe ulianza kufunguliwa na Mahakama ya Katiba, si na wanasiasa. Tarehe 20 Agosti 2024 iliamua kiwango kishuke mpaka kati ya asilimia 6.5 na 10 ya kura, kwa kutegemea idadi ya wapigakura wa mahali. Kesho yake Bunge likakimbilia kuupindua uamuzi huo. Tarehe 22 watu wakamiminika barabarani, na Bunge likarudi nyuma.

Wakati huo mtoto wa yule yule muuza samani, Gibran, alikuwa ameshashinda umeya wa Solo mwaka 2020, akiwa na vyama karibu vyote nyuma yake dhidi ya fundi cherehani aliyegombea bila ya chama. Na zile sehemu ambamo mgombea mmoja anavichukua vyama vyote akabaki peke yake, ambazo 2015 zilikuwa 3, katika uchaguzi wa Novemba 2024 zilifika 37 kati ya 545. Sheria inasema mgombea wa aina hiyo ashindane na kisanduku kitupu, na lazima apate zaidi ya nusu ya kura halali. Makassar ilikuwa ya mwanzo kukipa ushindi kisanduku kitupu, mwaka 2018. Mwaka 2024 zikafuata Pangkalpinang na Bangka, na sehemu hizo mbili zikalazimika kurudia uchaguzi Agosti 2025.