Gitaa Fupi la Umeme: Fizikia Juu ya Meza ya Seremala

Mwaka 1970 ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, waliokuwa wakipigia bendi ya Jamhuri Jazz ya Tanga, walihamia Arusha na kujiunga na Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walikuwa Mombasa, na huko ndiko lilikozaliwa jina la Simba Wanyika, lililovuma Afrika Mashariki nzima kwa utamu wa magitaa yake. Historia ya muziki wa dansi imejaa uhamaji wa namna hii. Jambo moja lililowabana wanamuziki wengi wa nyakati hizo ni kwamba gitaa la umeme, vipaza sauti na ngoma vilikuwa mali ya klabu, au ya mtu aliyejulikana kwa jina la “mwenye vyombo”. Mpigaji alikuwa na vidole vyake tu. Alipoondoka, gitaa lilibaki limetundikwa ukutani, naye akaenda kutafuta bendi nyingine yenye vyombo.

Je, kijana wa Ngaramtoni au wa Usa River anaweza kujiundia gitaa la umeme nyumbani, tena dogo kiasi cha kupakatwa ndani ya basi la Dar es Salaam katika safari ya zaidi ya kilometa 600? Anaweza. Afrika imekwisha kutoa ushahidi wa kutosha. Mjini Kinshasa, Mingiedi Mawangu na kundi lake la Konono No. 1 walizipa likembe zao sauti ya umeme kwa vinasa walivyovitengeneza wenyewe, wakitumia waya wa shaba na sumaku zilizotolewa katika vyuma chakavu vya magari. Katika Kongo, Zambia na Malawi vijana wengi wamejifunza muziki kwa magitaa ya mbao na madebe, yaliyofungwa nyuzi zilizochambuliwa kutoka waya wa breki za baiskeli. Vitu vichache havina budi kununuliwa: nyuzi, vigingi vya kukazia na waya wa freti. Vilivyobaki vinahitaji randa, msumeno, tupa, keekee, na mtu asiyechoka kupima.

Kwanza yafaa kueleza kwa nini gitaa la umeme linaweza kuwa dogo. Uzi peke yake ni mwembamba mno. Hukata hewa bila kuisukuma, na sauti yake haifiki mbali. Gitaa la kawaida huupitisha mtetemo wa uzi kwenye ubao mpana wa kisanduku, na ubao huo ndio unaosukuma hewa. Kisanduku kikipunguzwa, sauti nayo hupungua. Gitaa la umeme halina haja na hewa hiyo, kwa sababu mtetemo wa uzi hunaswa moja kwa moja kwa sumaku. George Beauchamp alilionyesha jambo hilo kule California mwaka 1931, kwa gitaa lililofanana na kikaango. Mwaka 1941 Les Paul alikwenda mbali zaidi: alifunga nyuzi na kinasa juu ya gogo la mbao la mraba, na gogo likaimba. Karibu na mwaka 1980 Ned Steinberger aliondoa hata kichwa cha gitaa besi, akahamishia vigingi nyuma ya daraja. Kinachosalia basi ni shingo, na kipande cha mbao cha kushikia daraja, kinasa na vigingi. Gitaa la kawaida lina urefu wa karibu metre moja. Hili linaweza kutosha katika sentimita 75.

Urefu wa uzi unaotetemeka, kutoka daraja dogo la juu hadi daraja la chini, ni milimita 648 katika magitaa mengi ya viwandani. Tuseme fundi wetu amechagua milimita 570. Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kwamba marudio ya mtetemo ni (1 ÷ 2L) × √(T ÷ m), ambapo L ni urefu wa uzi, T ni nguvu inayouvuta, na m ni masi ya kila metre ya uzi. Uzi wa sita, ulio mnene kuliko wote, hutakiwa kutetemeka mara 82.4 kwa sekunde, na uzi wa kwanza mara 329.6, urefu uwe wowote. Kwa hiyo L ikipungua, T nayo haina budi kupungua, tena kwa kipeo cha pili. Seti ya nyuzi nyembamba, ambayo uzi wake wa kwanza una unene wa milimita 0.25, huivuta shingo ya kawaida kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 46 hivi, kasoro kidogo ya mfuko wa saruji. Kwenye urefu wa milimita 570 mvuto huo hushuka hadi kilo 36. Shingo hupumzika, lakini nyuzi hulegea: hugonga freti, na kidole kikikandamiza kidogo tu sauti hupanda. Dawa yake ni kununua seti iliyo nene zaidi kwa hatua moja au mbili, ili m iongezeke na mvuto urudi.

Sasa freti, yaani vile vijiti vya chuma vinavyoikata shingo. Hapa ndipo magitaa mengi ya nyumbani huharibika, na kosa si la mikono bali la hesabu. Oktava moja imegawanywa katika nusu-toni 12 zilizo sawa kwa uwiano, na kila nusu-toni hupunguza urefu wa uzi kwa kuugawanya kwa kipeuo cha 12 cha mbili, yaani 1.05946. Ni sawa na kusema kwamba kila freti hukata sehemu moja katika 17.817 ya urefu uliobaki. Vincenzo Galilei, baba yake mwanasayansi Galileo, alipendekeza mwaka 1581 namba nyepesi ya 18. Msomaji anaweza kuijaribu darasani: kwa urefu wa milimita 570, kanuni ya 18 huiweka freti ya 12 kwenye milimita 283 kutoka juu, hali nusu kamili ya uzi ni 285. Ni tofauti ya milimita mbili, na oktava hushuka kwa sehemu ya nane ya nusu-toni. Galilei hakuwa mzembe. Kidole kinapokandamiza uzi huuvuta na kuipandisha sauti, na kwa hiyo kosa lake lilifidiwa kwa kiasi fulani. Fundi wa leo atumie 17.817 na kuiachia fidia kwenye daraja.

Kwa urefu huo freti ya kwanza itakaa milimita 32.0 kutoka daraja la juu, ya pili 62.2, ya tatu 90.7, ya nne 117.6, ya tano 143.0, ya saba 189.6 na ya 12 milimita 285.0. Vipimo vyote vichukuliwe kutoka daraja la juu, kwa rula moja ya chuma isiyoondolewa mahali pake. Anayepima kila freti kutoka freti iliyotangulia hujikusanyia makosa: nusu milimita tu kila mara, zote zikiangukia upande mmoja, zinakuwa milimita sita zinapofika freti ya 12. Gitaa la namna hiyo halitapata sauti yake hata likifungwa nyuzi za dhahabu.

Kuhusu mbao, mkazi wa Arusha yuko mahali pazuri, ila achague kwa akili. Misitu ya asili ya Mlima Meru inalindwa, na si mahali pa kutafutia ubao wa gitaa. Lakini kwenye miteremko ya kusini, yenye mvua nyingi, migrivea imepandwa kwa wingi ndani ya mashamba ya kahawa na migomba, na misaipresi na misindano hutoka katika misitu ya kupandwa. Grivea inafaa kwa kiwiliwili: ni nyepesi na hukatika bila taabu. Shingo inataka mti uliotulia, na mninga, unaosifiwa na maseremala wa Tanzania kwa kutopindapinda, ni chaguo bora. Ubavu wa kitanda cha zamani cha mninga, uliokauka ndani ya nyumba kwa miaka mingi, una thamani kuliko ubao mpya unaong’aa dukani. Nyuzinyuzi za mti zinyooke kutoka mwisho hadi mwisho, bila fundo.

Ubao mbichi ni adui mkubwa. Namna ya kuupima haihitaji chombo cha gharama: upimwe uzito kila juma katika mizani moja na kuandikwa daftarini. Maadamu uzito unashuka, maji yangali yanatoka, na ubao usiguswe. Ubao uliokaushiwa Tengeru wakati wa masika utaendelea kukauka ukipelekwa Oldonyo Sambu, upande wa mlima usiopata mvua nyingi, na shingo iliyokuwa imenyooka itapinda baada ya kazi kwisha. Unene nao una sheria yake: ukakamavu wa ubao hufuata kipeo cha tatu cha unene. Shingo ya milimita 20 ikirandwa hadi 18 kwa ajili ya kuipendezesha, inapoteza zaidi ya robo ya ukakamavu wake. Wengi huzika pao la chuma ndani ya shingo, chini ya ubao wa freti. Ubao huo wa freti wenyewe unaweza kutokana na mabaki ya mpingo kutoka kwa wachonga vinyago. Mpingo ni mzito hata huzama majini, na kucha haziuchimbi; lakini hukua polepole mno, na tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa imewekwa chini ya masharti ya mkataba wa CITES. Kutumia mabaki ni busara.

Roho ya gitaa ni kinasa, na hakuna sehemu ya kazi hii inayofundisha zaidi. Faraday aligundua mwaka 1831 kwamba sumaku ikibadilika ndani ya koili, umeme huzaliwa kwenye waya. Wanafunzi hukariri sentensi hiyo kwa ajili ya mtihani, na wengi hawapati nafasi ya kuisikia. Skrubu sita za chuma husimamishwa katika kigurudumu kirefu cha plastiki au mbao nyembamba, kila moja chini ya uzi wake. Chini yake hubandikwa vipande vya sumaku kutoka spika iliyokufa. Pete ya spika ina ncha zake kwenye nyuso mbili pana, kwa hiyo uso mmoja ndio uguse skrubu. Dira ihakikishe kwamba vichwa vyote sita vina ncha ya aina moja. Skrubu hupata usumaku, nazo huuambukiza uzi wa chuma ulio juu yake. Uzi unapocheza, usumaku unaopita ndani ya koili huongezeka na kupungua kwa mwendo uleule, na umeme unaotoka ni picha ya mtetemo. Akifungwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki, kinasa kitanyamaza kimya. Waya wa breki, ambao ni chuma, utasikika.

Koili ya viwandani ina mizunguko 7,000 hivi ya waya wa shaba wenye unene wa milimita 0.063, unaokaribia unywele. Kila mzunguko ukiwa na milimita 150, huo ni waya wa zaidi ya kilometa moja, na ukinzani wake ni omu 5,800 hivi. Waya wa transfoma ya redio iliyoharibika mara nyingi ni mnene zaidi. Kwa milimita 0.1, mizunguko 3,000 hutoa omu 985, na sauti huwa dogo lakini safi. Kigurudumu hufungwa kwenye keekee ya mkono iliyobanwa katika jiliwa. Mpini ukizunguka mara moja na mdomo mara nne, mizunguko 7,000 ni duru 1,750 za mpini, za kuhesabiwa kwa alama za chaki. Waya upitishwe kati ya vidole kwa wepesi, na upimwe kwa mita kila baada ya mizunguko elfu, kwani ukikatika ndani bila kujulikana kazi yote ni bure. Mwishowe koili hutumbukizwa katika nta ya mshumaa iliyoyeyushwa ndani ya kopo lililowekwa kwenye maji ya moto. Nta isiwekwe juu ya moto wenyewe, maana hulipuka. Ikishaganda, mizunguko haichezi tena, wala gitaa halipigi mbiu mbele ya spika.

Koili hiyohiyo hunasa pia mngurumo wa hezi 50 wa nyaya za umeme wa nyumba. Seth Lover wa kampuni ya Gibson alilitatua hilo mwaka 1955 kwa koili mbili zilizozungushwa kinyume, zenye ncha za sumaku kinyume: ngurumo mbili hufutana, sauti mbili za uzi hujumlishana. Hatari iliyo kubwa zaidi ya mngurumo iko kwenye kipaza sauti. Nyuzi na daraja huunganishwa na waya wa ardhi wa plagi, na mpigaji anazishika kwa vidole. Redio za zamani za umeme wa ukutani, hasa zisizo na transfoma ya kutenganisha, zinaweza kuwa na umeme kwenye fremu yake. Kwa hiyo majaribio yote yafanywe kwa redio ya betri au kipaza sauti kidogo cha betri.

Kazi ya mwisho ni daraja. Uzi uguswe kwa wepesi juu ya freti ya 12, pasipo kukandamizwa, na mlio wake ulinganishwe na wa uzi uliokandamizwa pale pale. Mlio wa kukandamiza ukiwa juu, daraja lirudishwe nyuma kidogo, na jaribio lirudiwe kwa kila uzi. Uzi wa sita huishia ukiwa mrefu kuliko wa kwanza kwa milimita mbili au zaidi, na daraja likaonekana limekaa upande. Ndivyo linavyotakiwa kukaa.