Istilahi za Usisimuaji wa Ubongo kwa Umeme

Elimu ya ubongo inazidi kuleta dhana ambazo wafasiri hawana budi kuzitafutia maneno. Mojawapo ni matumizi ya umeme hafifu katika kumsaidia mtu aliyepungukiwa na uoni baada ya kupatwa na kiharusi. Katika makala hii tunakusudia kueleza dhana yenyewe, kisha kupendekeza istilahi zinazoifaa. Neno likikosewa hapa, haiharibiki sentensi tu, bali mgonjwa huridhia jambo asilolielewa.

Kwanza tuitazame hali ya mgonjwa. Jicho hupokea nuru, lakini kuona hukamilika katika ubongo, kwenye sehemu iliyo kisogoni. Nusu ya kushoto ya ubongo hupokea habari za upande wa kulia wa yale tuyatazamayo, na nusu ya kulia habari za upande wa kushoto. Mwaka 1909 daktari wa Kijapani, Tatsuji Inouye, alichapisha uchunguzi wake juu ya askari waliopigwa risasi kichwani katika vita vya Urusi na Japani vya mwaka 1904 hadi 1905. Alionyesha jinsi jeraha la mahali fulani kisogoni linavyoondoa sehemu fulani ya uoni. Kiharusi huweza kufanya vivyo hivyo. Damu ikikosa kufika kisogoni upande wa kushoto, mgonjwa hupoteza upande wa kulia kwa macho yote mawili.

Kwa hiyo neno "chongo" halifai, maana mwenye chongo amepoteza jicho, na huyu macho yake ni mazima. Wala haifai kuandika "upofu wa jicho la kulia", kwani msomaji atakimbilia miwani ilhali kasoro haimo machoni. Tunapendekeza "upofu wa nusu-uga", ambapo "uga wa kuona" ni eneo lote linaloonekana macho yakiwa yametulia.

Pili ni njia yenyewe. Mwaka 1968, huko Uingereza, Brindley na Lewin walieleza jinsi walivyopandikiza elektrodi juu ya ubongo wa mwanamke kipofu; umeme ulipopitishwa, aliona vimulimuli vya nuru. Njia inayochunguzwa sasa kwa wagonjwa wa kiharusi kwa kawaida haihitaji upasuaji. Elektrodi zenye sponji iliyoloweshwa maji ya chumvi huwekwa juu ya ngozi ya kichwa, na mkondo wa miliampea 1 au 2 hupitishwa, mara nyingi pamoja na mazoezi ya kuona. Mwaka 2000 Nitsche na Paulus, wa Göttingen nchini Ujerumani, walionyesha kwamba mkondo hafifu wa namna hiyo hubadili wepesi wa ubongo kuitikia.

Watu wengi wakisikia habari hizi husema "kupigwa shoti". Neno hilo ni la ajali na la kutisha, nasi tunashauri liepukwe kabisa. "Uchochezi" nalo limekwisha kutwaliwa na siasa na mahakama, na "kichocheo" hutumika kwa homoni na katika kemia. Tumechagua "usisimuaji wa ubongo kwa umeme". Msemaji wa Kiswahili anaposema mwili umemsisimka, hueleza hasa mwitiko wa neva, bila maana ya kuumizwa.

Tatu, tujihadhari na kitenzi. Kuandika kwamba umeme "hurudisha uoni" ni kutoa ahadi. Wagonjwa waliochunguzwa hadi sasa ni wachache na matokeo yao yanatofautiana. Wapo wanaopata nafuu ya sehemu ya uga, na wapo wasiopata. Basi katika fomu za ridhaa iandikwe "tiba ya majaribio inayokusudia kuongeza uoni". Aidha, "maono" lisitumiwe mahali pa "uoni", kwani maono ni ya manabii na waotaji.

Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa afya wayapime mapendekezo haya katika kazi zao na kutuletea maoni, ili istilahi hizi zikisanifiwa ziwe zimepita vinywani mwa watumiaji.