Milima ya Irangi na Udongo Wake

Leo twapenda kuwapelekeni Kondoa, nchi ya Warangi. Mtu akitoka kwetu Zuzu, akapita Dodoma na kushika njia ya kaskazini mwendo wa kilometa 160 hivi, huziacha tambarare kavu za Ugogo na kuiona milima ya Irangi. Huko hulimwa mtama, uwele, mahindi na alizeti, tena ng'ombe ni mali ya kutegemewa.

Watu wamekaa huko tangu zamani mno. Katika majabali ya Kolo zimo picha za watu na wanyama, nyingi kwa rangi nyekundu, ambazo mwaka 2006 ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilipita Kondoa na kununua chakula.

Lakini milima hiyo ilipata jeraha kubwa. Mbung'o walikaa katika mapori ya chini, basi watu na mifugo wakasongamana juu. Miti ilikatwa kwa ajili ya mashamba na kuni, majani yakaliwa mpaka mizizi. Mvua ikianguka kwa nguvu juu ya ardhi iliyo uchi, maji hayanywewi na udongo, bali huukokota bondeni. Vijia vya ng'ombe vikawa mifereji, na mifereji ikawa makorongo yanayoweza kumeza nyumba.

Mwaka 1973 ilianzishwa kazi iliyoitwa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma. Mwaka 1979 ikatoka amri nzito: mifugo yote iondolewe katika eneo la kilometa za mraba 1,256. Majani yakarudi, na miti ikaota. Hata hivyo dawa hiyo ilikuwa chungu: nyumba zilikosa maziwa, mashamba yakakosa samadi, na wenye ng'ombe wakalazimika kuwapeleka mbali. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980, ng'ombe wachache wa maziwa waliruhusiwa, kwa sharti wafungwe zizini na kuletewa majani.

Basi tazameni njia za ng'ombe za kijiji chenu. Mfereji wenye kina cha shubiri moja huzibwa kwa mawe na majani kwa kazi ya siku moja. Korongo halizibwi hivyo. Nao wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.